Mbwa Katika Merikebu

Watoto wanaokaa kando ya ziwa Tanganyika wamekwisha kuona mbwa katika mtumbwi. Mwenye mtumbwi anasukuma chombo chake majini. Mbwa anaona kwamba anaachwa, anaruka ndani, na wote wawili wanakwenda. Mwanzoni mbwa anasimama mbele kabisa na kutazama maji, kama vile yeye ndiye nahodha. Lakini upepo ukianza kuvuma na mawimbi yakianza kupiga, mambo yanageuka. Miguu yake inatetemeka, mate yanamtoka, naye anatafuta mahali pa kulala karibu na miguu ya bwana wake. Safari ikiwa fupi, si neno. Wakifika ng'ambo, mbwa anaruka mchangani, anajikung'uta, na mara amesahau yote.

Lakini safari ikiwa ndefu je? Mbwa akikaa chomboni siku 10, au mwezi mzima, au miezi 5? Atakula nini? Atakunywa nini katikati ya bahari ya chumvi? Atajisaidia wapi? Na merikebu ikilala upande, yeye asiye na mikono atashika nini?

Mtu mmoja wa nchi ya Norwe alipaswa kujibu maswali hayo yote, wala si kwa mbwa mmoja, bali kwa mbwa 97. Jina lake Roald Amundsen.

Norwe iko Ulaya, upande wa kaskazini, na tangu zamani watu wake wengi ni mabaharia. Mwaka 1910 Amundsen alitaka kufika mahali ambapo mtu hajafika bado: Ncha ya Kusini ya dunia. Ncha hiyo iko katikati ya Antaktika, nchi kubwa kupita Ulaya yote, iliyofunikwa na barafu. Hapana miti, na wakati ule hapakuwa na kijiji hata kimoja. Zamani Amundsen alikuwa amekaa karibu na Wainuit, wenyeji wa kaskazini ya Kanada, akajifunza kwao namna ya kusafiri juu ya theluji. Wainuit hufunga mbwa mbele ya gari lisilo na magurudumu, gari linaloteleza. Mbwa huvuta mizigo, na usiku hulala nje katika baridi bila nyumba. Basi Amundsen akakata shauri: mbwa ndio watakaomfikisha Nchani. Bila mbwa, hakuna safari.

Akanunua mbwa kutoka Greenland. Mwezi wa Julai 1910 wakaletwa katika kisiwa kidogo karibu na mji wa Kristiansand, kule Norwe. Mbwa wa Greenland wana manyoya ya namna mbili: chini manyoya mafupi yaliyosongamana kama pamba, na juu manyoya marefu ya kuzuia theluji. Ni nguo nzuri sana kwa baridi. Lakini tazameni ramani ya dunia. Norwe iko juu, Antaktika iko chini kabisa, na katikati umepita mstari wa ikweta, ule ule unaopita karibu na mji wa Butembo huku Kongo. Mbwa waliovaa nguo za baridi walipaswa kupita katika jua kali la ikweta, tena siku nyingi, juu ya merikebu isiyo na kivuli cha mti. Kama wangekufa njiani, Amundsen angefika Antaktika na merikebu iliyojaa mizigo, wala hapana mtu wa kuivuta.

Merikebu yake iliitwa Fram, maana yake "mbele". Ilijengwa mwaka 1892. Ilikuwa na milingoti mitatu na matanga, na pia mashini moja ndogo ya kusaidia wakati upepo usipovuma. Aliyeijenga, Colin Archer, aliifanya kwa safari za barafu. Chini ilikuwa ya mviringo kama nusu ya kibuyu, ili barafu ikiibana, isivunjike, bali ipande juu. Kwa barafu hilo lilikuwa jambo la akili sana. Kwa bahari wazi lilikuwa taabu, kwa maana chombo cha mviringo hakitulii. Wimbi likija, Fram ilalala kushoto. Likipita, ilalala kulia. Na hivyo mchana na usiku. Watu wazima waliozoea bahari walitapika. Mbwa pia hushikwa na ugonjwa wa bahari. Kwanza humeza mate mara nyingi, kisha mate hutoka kama uzi, kisha hutapika na kukataa chakula. Wengi huzoea baada ya siku chache, kama watu.

Kabla ya kuondoka, Amundsen alifanya kazi moja ambayo haikuonekana kuwa kubwa. Juu ya sitaha ya merikebu, yaani ile sakafu ya nje, aliweka sakafu ya pili ya mbao. Sakafu hiyo haikupigwa misumari. Ilikuwa vipande vipande, na kati yake na ile ya kwanza paliachwa nafasi ndogo. Kwa sababu gani? Maji ya wimbi yakiingia, yanapita chini ya mbao na kutoka, na mbwa wanalala pakavu. Mbwa akilala katika maji ya chumvi siku nyingi, manyoya yake yanashikamana, ngozi inawasha na kutoka vidonda. Tena jua likichoma sitaha, mbao za chini zinapata moto sana, lakini zile za juu zinapitiwa na hewa. Na uchafu? Mbwa 97 hawawezi kwenda porini kujisaidia. Mabaharia walimwaga maji na kusugua kila siku, na mara kwa mara waliinua vile vipande vya mbao na kuosha chini yake. Bila kazi hiyo merikebu ingenuka kama zizi, na ugonjwa ungeingia.

Juu ya sitaha wakatandaza pia maturubai makubwa, kutoka mbele mpaka nyuma. Hicho ndicho kilikuwa kivuli. Mtu akisikia joto, jasho linatoka katika ngozi yake yote, na hewa inampoza. Mbwa si hivyo. Jasho lake ni kidogo sana, tena katika nyayo tu. Yeye hujipoza kwa kinywa: hutoa ulimi na kuhema haraka haraka, na maji ya ulimi yakikauka, damu hupoa. Kwa hiyo mbwa katika joto hutumia maji mengi, na akikosa kivuli na maji pamoja, anaweza kufa kwa muda mfupi, hata kama jana alikuwa mzima.

Maji ndiyo yaliyokuwa hesabu ngumu. Kama mbwa mmoja akinywa lita 1 kwa siku, mbwa 100 wanakunywa lita 100. Kwa mwezi ni lita 3.000, na kwa miezi 4 ni lita 12.000. Wala watu hawajanywa bado, wala mpishi hajapika. Maji ya bahari hayasaidii. Mbwa mwenye kiu huyalamba, kwa maana hajui, lakini chumvi inamzidishia kiu, anatapika na kuhara, na mwisho anaweza kufa. Kwa hiyo mabaharia wa matanga hupenda mvua kuliko watu wengine. Mvua ikinyesha, hukinga maji kwa maturubai na kuyajaza katika mapipa.

Chakula hakikuwa shida kubwa. Mbwa walipewa samaki wakavu. Hao hawakuwa kama makayabu yanayouzwa sokoni, kwa maana makayabu yana chumvi nyingi. Samaki hao walikaushwa kwa upepo tu. Siku nyingine mpishi alikata samaki hao vipande vipande, akawapika pamoja na unga wa mahindi na mafuta ya ng'ombe. Mbwa walikipenda sana chakula hicho cha moto. Waliposikia harufu yake, walisimama wote wakapiga kelele mpaka watu hawakuweza kusikizana.

Tarehe 9 Agosti 1910 mbwa wakapandishwa. Kila mmoja akafungwa kwa mnyororo mahali pake, mbali kidogo na jirani yake ili wasiumane. Sitaha yote ikajaa, mpaka baharia aliyetaka kwenda kuvuta kamba za tanga alipaswa kutafuta mahali pa kukanyaga. Watu wote katika Fram walikuwa 19. Amundsen akagawa mbwa katika makundi, kila kundi na walinzi wake, na yeye mwenyewe, mkubwa wa safari, alikuwa na kundi lake. Mlinzi aliwapa mbwa wake chakula na maji, aliwasafisha, na alijifunza tabia ya kila mmoja: huyu ni mwizi, huyu ni mwoga, huyu haombi kitu lakini anafurahi akipapaswa kichwani. Mwanzoni mabaharia wengine hawakupenda kazi hiyo, kwa maana baharia ni mtu wa kamba na matanga, si mchungaji. Baada ya majuma machache kila mtu alisema kwamba mbwa wake ndio wazuri kupita wote.

Jambo moja liliwashangaza mabaharia. Amundsen alikuwa amesema mbele ya watu wote kwamba anakwenda Ncha ya Kaskazini, tena kwa kuzunguka Amerika. Njia hiyo ingepita karibu na Alaska, na kule Alaska mbwa wako. Basi kwa nini kuwachukua mbwa kutoka Ulaya na kuwapitisha ikweta mara mbili? Waliulizana, wasipate jibu. Mwezi wa Septemba Fram ilitia nanga Madeira, kisiwa cha bahari ya Atlantiki, kupata maji na vyakula vya mwisho. Hapo Amundsen akawaita watu wote sitahani, akawaambia kweli: tunakwenda kusini. Wote wakakubali. Wenye kushangaa juu ya mbwa sasa walielewa. Tangu siku hiyo Fram haikukaribia bandari yoyote kwa muda wa zaidi ya miezi 4.

Sasa mbwa walikuwa wamefungwa muda mrefu. Wengine walikonda, ingawa walikula. Wengine walikaa wameinamisha kichwa, hawatazami mtu. Mnyama asiyetembea hupungua nguvu miguuni, na mbwa wa kuvuta gari asiye na miguu, faida yake nini? Amundsen akaamua kuwafungua. Lakini mbwa wa Greenland wana meno, nao hawaogopi kuyatumia. Kwa hiyo kwanza kila mmoja alifungwa mdomo kwa mikanda ya ngozi, iliyomwacha apumue na kuhema lakini ilimzuia asiume. Kisha minyororo ikafunguliwa, na watu wakasimama kutazama vita.

Kimya. Hakuna mbwa aliyeondoka. Walikaa mahali pao kana kwamba mnyororo upo bado. Mwishowe mmoja akathubutu kuinuka na kutembea kidogo, na hapo ndipo wengine wakamrukia. Sitaha yote ikawa mbwa juu ya mbwa, manyoya yakaruka, kelele zikapanda mpaka kwenye matanga. Lakini kwa sababu midomo ilikuwa imefungwa, hakuumia mtu wala mbwa. Baada ya siku chache vita ikaisha yenyewe. Kumbe, wale waliokuwa na huzuni hawakuwa wagonjwa. Wakati wa kupandishwa merikebuni walikuwa wametengwa na rafiki zao wa Greenland: mmoja kafungwa mbele, mwingine nyuma. Walipofunguliwa, walitafutana katika kundi lote mpaka wakaonana, wakalala pamoja, na huzuni ikawatoka. Watu wengi husafiri na mbwa wasijue jambo hilo. Humpa chakula na maji, kisha hushangaa kwa nini haponi.

Usiku walikuwa na desturi yao. Mbwa mmoja alianza kulia kwa sauti ndefu, wa pili akajibu, na mara wote wakalia pamoja, vichwa juu. Kisha kwa ghafula wote walinyamaza mara moja, kama waimbaji ambao mwalimu wao ameshusha mkono. Waliokuwa wamelala chini walikuwa wamekwisha kuamka.

Kumfungua mbwa ni kumwachia nafasi ya kutembea, lakini ni kumwachia pia nafasi ya kuanguka. Kucha za mbwa hushika udongo vizuri, lakini juu ya mbao zenye maji huteleza kama viatu vya ngozi juu ya matope. Katika Fram mbwa wachache walipotea baharini kwa namna hiyo, wakati wa giza, merikebu ilipolala sana. Merikebu ya matanga haiwezi kusimama ghafula. Ili kurudi nyuma, ni lazima kugeuza usukani, kuhamisha matanga, kuzunguka mbali, na wakati huo kichwa cha mbwa majini ni kidogo kama nazi kati ya mawimbi. Mtu mmoja asipokitazama bila kugeuza macho, hakionekani tena.

Basi, je, haifai mbwa afungwe siku zote? Jibu linapatikana katika merikebu nyingine iliyokwenda Antaktika mwaka ule ule. Iliitwa Terra Nova. Mkubwa wake alikuwa Mwingereza, Robert Falcon Scott, naye pia alitaka kufika Nchani. Terra Nova iliondoka Nyuzilandi tarehe 29 Novemba 1910. Ilikuwa na farasi wadogo 19 na mbwa 33, pamoja na magari matatu ya mashini, magunia ya makaa na makopo mengi ya petroli. Vyote havikuenea chini, basi sitaha nayo ikajazwa. Mbwa walifungwa kwa minyororo juu ya mizigo, huku na huko, mahali popote palipobaki.

Siku ya tatu na ya nne dhoruba kubwa ikawapata. Mawimbi yalipanda juu ya sitaha na kupita. Magunia ya makaa yaling'oka, yakapigwa na maji kama mawe, ikawa lazima mengine yatupwe baharini. Vumbi la makaa pamoja na mafuta likaziba pampu, na maji yakazidi kupanda ndani ya merikebu. Watu wakayatoa kwa ndoo, saa baada ya saa, wakipokezana. Na mbwa? Waligeuza mgongo kwa maji, wakainama wakitetemeka, manyoya yakichuruzika. Wimbi lilipomchukua mbwa mmoja, mnyororo ulimzuia asiende baharini. Lakini mnyororo huo huo, uliofungwa shingoni, ulimnyonga. Mtu mwenye kazi ya mbwa alikimbia pamoja na wasaidizi wake kutoka kwa huyu mpaka kwa yule, akiwainua wale walioning'inia na kuwatafutia mahali pa kujificha, napo hapakuwapo. Mbwa mmoja alikutwa ananing'inia, amekwisha kufa. Mwingine alichukuliwa kwa nguvu hata mnyororo ukakatika, akapotea baharini; wimbi lililofuata likamrudisha sitahani, mzima. Jambo hilo Scott mwenyewe aliliandika katika kitabu chake cha kila siku. Dhoruba ilipokwisha, farasi wawili na mbwa mmoja walikuwa wamekufa.

Mnyororo uliwaokoa mbwa wengi wa Terra Nova. Bila mnyororo wangeweza kupotea wengi. Kosa halikuwa kuwafunga, kosa lilikuwa mahali pa kufungia na namna ya kufungia. Mbwa aliyewekwa juu ya mzigo, shingo ndani ya mnyororo mrefu, hana ukuta wa kuegemea wala pembe ya kujificha. Akisukumwa, anaanguka, na uzito wake wote unabaki shingoni.

Watu wanaosafiri siku hizi na mbwa katika mashua za matanga wamelijua hilo. Hawamfungi mbwa shingoni. Humvika mikanda mipana inayozunguka kifua na mbavu, na kamba hushikwa mgongoni. Kamba huwa fupi, ili asifike ukingoni hata akiteleza. Pembeni mwa mashua, kati ya vyuma vya kushikia, hufunga wavu kama wa mvuvi, tundu zake ndogo kuliko mwili wa mbwa. Na juu ya mikanda humvika koti linaloelea, lenye mshikio mgongoni kama ule wa sanduku, kwa maana mbwa aliyelowa ni mzito na anateleza, wala hawezi kushika kamba unayomtupia. Mtu huunasa mshikio kwa mti wenye ndoano na kumvuta juu.

Taabu nyingine ya mashua ndogo huwafanya watu wacheke, lakini kwa mbwa si ya kucheka. Mbwa aliyefundishwa nyumbani kwamba kujisaidia ndani ni vibaya, hukataa kujisaidia katika chombo. Kwake chombo ni nyumba. Huzuia siku nzima, na nusu ya siku tena, mpaka anaumwa. Mwenye akili humfundisha mapema, wakiwa bado nchi kavu: humpa mkeka wa majani wenye harufu yake mwenyewe, kisha mkeka huo huuchukua chomboni. Tena kuna nchi ambazo mbwa hashuki hovyo. Australia na Nyuzilandi hazina kichaa cha mbwa, nazo hulinda sana kisiingie. Mbwa wa mashua anaweza kufika huko, akaiona pwani, akasikia harufu ya udongo, asiruhusiwe kukanyaga.

Turudi kwa Fram. Ilipita ikweta mwezi wa Oktoba, ikaingia katika bahari za kusini zenye upepo mkali. Hapo umbo lake la kibuyu likaonyesha faida: ililala kushoto na kulia bila kupumzika, lakini ilipanda juu ya mawimbi, na maji mengi hayakuingia. Mbwa walikuwa wamekwisha kuujua mchezo. Kila mmoja alikuwa na pembe yake, na sitaha ilipoinama, wote waliinama upande wa pili kama mabaharia wa zamani. Majike yalizaa njiani. Watoto wa kike wengi hawakuachwa hai, kwa sababu ya nafasi na chakula, na jambo hilo halikuwa jepesi kwa watu waliokuwa wamewazoea. Madume yalilelewa. Tarehe 14 Januari 1911 Fram ilipofika Antaktika, katika Ghuba ya Nyangumi, mbwa walihesabiwa. Waliondoka Norwe 97. Walifika 116.

Walikuwa wanene, manyoya yakimeta. Walikuwa wavivu vile vile. Kwa miezi 5 walikuwa wamekula, wamelala na kupigana, nao waliamini kwamba hiyo ndiyo kazi ya mbwa. Siku ya kwanza Amundsen alipofunga mbwa mbele ya gari na kuinua kiboko, walikaa chini juu ya theluji wakamtazama. Walipoinuka, ilikuwa kwa kupigana. Mabaharia waliokuwa wakitazama kutoka Fram walicheka sana. Ilichukua siku kadhaa mbwa kukumbuka kazi yao, na miguu yao kupata nguvu.

Mwezi wa Oktoba 1911 watu 5 wakaondoka na mbwa 52 na magari 4. Tarehe 14 Desemba 1911 walifika Ncha ya Kusini, watu wa kwanza. Mwezi wa Januari walirudi kwenye nyumba yao ya pwani na mbwa 11 tu. Wengine walikuwa wameuawa njiani kuwa chakula cha wenzao na cha watu. Amundsen aliyapanga hayo tangu mwanzo, naye aliandika baadaye kwamba yalimwumiza. Siku hizi mbwa hawaendi tena Antaktika. Mataifa yalipatana kuwaondoa wote kabla ya mwezi wa Aprili 1994, ili wasiwaambukize wanyama wa pwani magonjwa.

Mwisho wa Januari 1912 Fram ilirudi katika Ghuba ya Nyangumi kuwachukua watu, pamoja na mbwa 39. Kati yao alikuwako mbwa mmoja mkubwa sana aliyeitwa Obersten, maana yake Kanali. Alikuwa mmoja wa wale 11 waliorudi kutoka Nchani. Mbwa waliozaliwa juu ya barafu waliogopa sitaha, hawakujua wasimame wapi. Kanali hakuuliza. Alipita katikati yao, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mlingoti mkubwa, mahali alipokuwa akikaa wakati wa safari ya kwanza, akalala pale.